Mimba ya Toby Hobday

Kila Alhamisi, dakika tano kabla ya saa moja jioni, Ludmila Vondra alivua viatu. Hakuvua kwa kuchoka. Alikuwa amevaa gauni la hariri linaloburuza chini kama mke wa mwenye benki, maana ndivyo waigizaji wa redio walivyovaa Chicago miaka ile, wanawake magauni ya karamu na wanaume suti nyeusi, hata kama wasikilizaji walikuwa majikoni mwao na hawaoni kitu. Lakini viatu vya visigino virefu vilimnyima sauti. Akisimama pekupeku juu ya mbao baridi za studio, sauti ilimpanda puani na kuwa ya Toby Hobday, mvulana wa miaka kumi, mtundu, mdokozi wa keki, mtoto wa pekee wa Bwana na Bibi Hobday.

Ludmila alikuwa na miaka thelathini na sita.

Usimcheke. Watoto wa kweli walikuwa mzigo kwenye redio: wanasoma kwa kusuasua, wanakohoa, na kubwa zaidi wanakua, sauti inawavunjika katikati ya msimu na mchezo wote unaingia dosari. Mwanamke mtu mzima havunjiki sauti. Kwa hiyo wengi wa wavulana waliochekesha watu kwenye michezo ile ya familia walikuwa wake za watu, na Toby wa akina Hobday alikuwa mke wa Otakar Vondra, dereva wa tramu, wa mtaa wa Pilsen.

Baba yake Ludmila alikuwa fundi cherehani. Tangu utotoni Ludmila alikuwa akimwiga kila mtu aliyeingia kupimwa suruali, na aliwahi kuchapwa na watawa kwa kumwiga padri akisoma misa mbele ya padri mwenyewe. Siku moja, akiwa na miaka ishirini na saba, alitumwa kupeleka suti ya mtu pale kituo cha redio. Akakuta watu wamekaa na huzuni kama wafiwa, wanatafuta sauti ya mtoto na waliyemleta ana mafua. Akaweka suti juu ya kiti na kusema, "Mimi naweza." Hakuna aliyemwuliza ni nani. Wakampa karatasi akasoma, na tangu siku hiyo ilikuwa imepita miaka tisa.

Miaka tisa ya Bwana Hobday anayejua kila kitu na hajui lolote, anayeziba bomba la maji kwa sabuni, anayemwalika bosi wake chakula cha jioni siku ambayo jiko limeharibika. Miaka tisa ya Bibi Hobday anayejua yote na kunyamaza. Na katika kila mchezo lazima keki iokwe, kwa sababu mdhamini alikuwa kampuni ya unga wa keki, na wakala wake, Bwana Pomeroy, alikaa nyuma ya kioo kuhakikisha keki haikosekani. Nyumba ile haikuugua kisukari, Mungu ndiye ajuaye kwa nini.

Nyumbani kwa Ludmila mwenyewe hakukuwa na mtoto. Miaka kumi na moja ya ndoa. Jumapili baada ya misa, wanawake wa parokia walimshika mkono wakamwuliza hali, na macho yao hayakuwa usoni kwake. Yalikuwa tumboni. Walimwombea. Walimsalia novena, sala za siku tisa, moja baada ya nyingine, wakamletea maji ya chemchemi takatifu na majani ya kuchemsha, na kila mmoja alikuwa na shangazi aliyezaa akiwa na miaka arobaini. Mara mbili mimba ilishika, mara mbili ikatoka. Mtoto wa pekee aliyewahi kumlea ni Toby, na Toby hakuwahi kulala kitandani mwake hata usiku mmoja.

Ndipo mwisho wa majira ya joto ikashika tena, na safari hii ikakaa. Mwezi wa tatu ukapita, wa nne ukapita. Mwezi wa tano gauni likagoma kufunga. Mama yake, Božena, aliyekuwa na sindano mdomoni na miwani puani, alilifumua ubavuni na kuongeza kitambaa. Ludmila akamwuliza kama hawezi kulishona liwe pana kidogo, ili tumbo lisijitokeze sana.

"Kwani limekukosea nini?" Božena akauliza, akimwita kwa jina la utotoni. "Mficha uchi hazai, Lida. Na wewe umekwisha kuzaa nusu."

Sasa tatizo lilikuwa hili. Mchezo ule ulirushwa moja kwa moja, mbele ya watu mia tatu waliopewa tiketi za bure. Watu hao walikuja kila wiki kutazama wenye sauti, na kila wiki walishangaa kumwona Toby ni mwanamke mwenye gauni, kisha wakacheka na kusahau. Lakini Toby mwenye mimba hakusahaulika. Kicheko kilianza kabla hajasema neno, kikawa kile cha kuzibana midomo na kugusana viwiko. Mke wa mchungaji mmoja, aliyeleta watoto sita wa shule ya Jumapili, aliandika barua kwa kampuni ya unga. Alisema watoto walimwuliza maswali njia nzima ya kurudi nyumbani.

Bwana Pomeroy akamwita ofisini. Alikuwa mwanamume mnyoofu, mwenye saa ya kupimia sekunde mkononi hata akiwa anakunywa kahawa, na alimwita kwa jina alilopewa na redio.

"Bi Millie, mvulana wa miaka kumi hawezi kuwa na mimba."

"Wala hawezi kuwa na mume, Bwana Pomeroy. Mume ninaye miaka yote hii, mbona hukuniitia kikao?"

"Mume haonekani."

Hapo alisema kweli, na Ludmila alimpa haki yake. Pomeroy hakuwa mkatili. Alikuwa amekwisha kufikiri na kupata dawa: pazia la kukunja, la mbao na kitambaa, litawekwa pembeni ya jukwaa. Bi Millie ataingia kwa mlango wa nyuma kabla watazamaji hawajakaa, atasimama nyuma yake na maikrofoni yake mwenyewe, na atabaki huko mpaka wote wametoka. Sauti itasikika na mwili hautaonekana. Si ndiyo redio yenyewe?

Ludmila aliipenda kazi ile kuliko kitu chochote, isipokuwa Otakar na kile kilichokuwa tumboni. Akiikosa, angerudi kushona vifungo na kuwaiga wateja wa suruali. Mtu mwenye busara angelikubali pazia.

"Mimba hii nimeombewa na kanisa zima miaka kumi na moja," akasema. "Leo imekuja, unaniambia nikajibanze nyuma ya pazia kama mwizi wa kuku. Sijaiba kitu. Sijibanzi."

"Basi Toby atasafiri," akasema Pomeroy, na akabonyeza saa yake kana kwamba hata hilo lilipimwa.

Kusafiri maana yake ni hii. Katika michezo ile hakuna aliyefukuzwa, watu walisafirishwa. Mjomba wa Bwana Hobday, ambaye mwigizaji wake aligombana na mwandishi, alikwenda Brazili kununua kahawa na hajarudi mpaka leo. Jirani Bibi Plunkett alikwenda Oregon kumwuguza dada yake, na dada huyo angekuwa mtu wa kweli angekwisha kupona au kufa mara nne. Toby alipangiwa shamba la nguruwe la babu yake, huko Iowa. Kifua chake kinahitaji hewa safi. Angekaa huko miezi michache, kisha angerudi na sauti ya mtu mwingine, na watu wangeambiwa hewa ya shamba imembadilisha.

Alhamisi ikafika. Kwenye mazoezi ya mchana Ludmila alisoma maneno ya kuaga kama yalivyoandikwa, bila kukosea hata nukta. Lyle Ketteridge, aliyeigiza Bwana Hobday, alisoma bila kumtazama. Ketteridge alikuwa mtu mpole aliyefiwa na mke, mgonjwa wa vidonda vya tumbo, anayewaogopa wakala, mwandishi, na mhudumu wa lifti. Baada ya mazoezi alimsogelea akamwambia kwamba amesikitika sana. Ludmila akamshukuru. Masikitiko hayakumsaidia kitu, lakini alimshukuru.

Baadaye aliapa kwamba hakupanga alichokifanya. Mama yake hakumwamini, na mimi pia simwamini sana.

Saa moja kamili taa nyekundu iliwaka, kinanda kikalia, watu mia tatu wakapiga makofi. Dakika ishirini na tano zilikwenda salama. Keki ya kuagana iliokwa, Bwana Hobday akafunga sanduku la mwanawe kwa kamba ya kuanikia nguo na nguo zikaanguka uani. Kisha wakafika stesheni. Stesheni ilikuwa kona ya Ingvar Solheim, fundi wa milio, mzee wa Kinorwe asiyesema zaidi ya maneno kumi kwa siku. Alikuwa na sanduku la kokoto la kutembelea, bati na brashi za waya za kuiga mvuke na magurudumu, filimbi ya mbao yenye midomo mitatu, na ngazi ndogo ya chuma. Viatu vya mtoto vilikuwa mkononi mwake tayari, kwa ajili ya kupanda ngazi ile.

Ketteridge akasema maneno yake: uwe mtoto mzuri, umsikilize babu. Karatasi ya Ludmila ilisema, "Kwaheri, Baba. Nitakuandikia."

Ludmila akaitazama karatasi. Sekunde moja ikapita, mbili zikapita. Kwenye redio sekunde mbili za kimya ni msiba.

"Siendi," akasema Toby.

Ketteridge akapekua karatasi yake. Akaigeuza nyuma. Hakukuta kitu.

"Umesemaje, mwanangu?"

"Nimesema siendi. Babu mwenyewe hanitaki, anawataka nguruwe wake."

Watu wakacheka. Nyuma ya kioo, Pomeroy alikuwa amesimama.

"Lakini... tiketi nimekwisha kata," akasema Ketteridge, na jasho likamtoka.

"Basi panda wewe. Wewe ndiye unayekohoa kila ukiosha vyombo."

Hapo kicheko kilipasuka, kikubwa, cha kweli, si kile cha kuzibana midomo. Ludmila alikisubiri kitulie. Alijua kusubiri kicheko. Ilikuwa nusu ya kazi yake. Kilipotulia, akasema kwa sauti ileile ya puani, lakini ya chini, na bila utani:

"Baba, nimekosa nini?"

Karatasini hakukuwa na jibu. Nyumba zote zilizokuwa zikisikiliza, Ohio, Nebraska na kwingineko, zilimngoja Bwana Hobday aseme mwanawe amekosa nini mpaka afukuzwe nyumbani. Ketteridge aliinua macho. Kwa mara ya kwanza wiki ile alimtazama Ludmila, uso, kisha tumbo, kisha miguu pekupeku inayochungulia chini ya gauni. Pomeroy alikuwa akipitisha kidole shingoni kwa nguvu, kuwaambia wakate.

"Hujakosa kitu," akasema Ketteridge. "Hujakosa kitu hata kidogo."

Sasa yote yalikuwa mikononi mwa Solheim. Maana maneno hubishaniwa, lakini mlio haubishaniwi. Viatu vikigonga ngazi ya chuma, Toby amepanda, hata aseme nini. Pomeroy alijua hilo. Aliacha kukata shingo, akamwonyesha Solheim vidole viwili vinavyopanda ngazi, tena na tena, mpaka akagonga kioo. Solheim alimwona. Alimtazama vizuri kabisa. Kisha akaviweka viatu vya mtoto chini, taratibu, akachukua filimbi ya mbao na kuipuliza kwa pumzi zake zote. Akaanza kusugua bati, polepole, halafu haraka, halafu mbali zaidi, mbali zaidi, mpaka garimoshi la Iowa likapotelea kusikojulikana, na Toby hayumo.

"Baba," akasema Toby. "Na sanduku?"

Ketteridge akafikiri. Vidonda vyake vya tumbo, alisema baadaye, vilikuwa vimenyamaza kabisa.

"Mungu wangu. Sanduku limepanda."

Watu wakalia kwa kucheka. Solheim akaingia kwenye kokoto, hatua za mwanamume mzito na za mtoto, na baba na mwana wakatembea kurudi nyumbani wakibishana nani atamweleza Mama kwamba mtoto amebaki na nguo zimeondoka. Hawakuwa na karatasi. Walikuwa na saa ya ukutani na miaka tisa ya kujuana. Wakafika mlangoni zikiwa zimebaki sekunde nne, na kinanda kikawapokea.

Pomeroy alimkuta Ludmila kwenye korido, akivaa viatu. Alimwambia ameidharau kampuni mbele ya taifa. Alimwambia asirudi tena.

"Sawa," akasema Ludmila. "Lakini Alhamisi ijayo wewe ndiye utawaambia watu Toby yuko wapi. Wamelisikia garimoshi likiondoka. Maji yakimwagika hayazoleki, Bwana Pomeroy. Mtoto yuko nyumbani."

"Nitaleta sauti nyingine."

"Lete. Wiki moja tu, hajaenda popote, hajavuta hata hewa ya shamba. Utawaambia nini kimembadilisha?"

Akaondoka kabla ya kusikia jibu. Kwenye tramu ya Otakar alilia mpaka Mtaa wa Kumi na Nane. Otakar aliendesha, na kila kituo aligeuka kumtazama, mpaka abiria mmoja akamwomba atazame reli.

Jumamosi vifurushi vikaanza kuingia. Wasikilizaji wa siku zile walikuwa na tabia hiyo. Bwana Hobday alipovunjika mkono aliletewa marhamu ndoo nzima. Safari hii walikuwa wamesikia kwa masikio yao kwamba Toby hana nguo, na majira ya baridi hayajaisha. Kina mama wa nchi nzima walitia mkono kabatini. Zilikuja soksi, suruali zilizotiwa viraka magotini, makoti ambayo wana wao wameyazidi, fulana za kufuma. Mjane wa Nebraska alileta kofia na barua kwa Bwana Hobday, akimwambia aone aibu kutaka kumfukuza mtoto. Kufikia Jumanne korido ya kituo ilikuwa haipitiki. Mwenye kampuni ya unga alikuja mwenyewe kutazama, mzee mfupi mwenye tai ya kipepeo. Alisimama katikati ya marundo yale ya suruali za mvulana asiyekuwapo duniani, akamwuliza Pomeroy ni mpumbavu gani aliyependekeza safari ya Iowa.

Nguo zikagawiwa kituo cha yatima. Ludmila akaitwa arudi.

Pomeroy hakuomba radhi, wala Ludmila hakutarajia. Alhamisi ile alipoingia jukwaani alilikuta pazia limekwisha wekwa pembeni, na Pomeroy amesimama kando yake. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mwenye kampuni amemtaka Toby, hakusema lolote juu ya tumbo. Alisema wao wawili wanaweza kukutana katikati. Yeye amemrudisha, naye asogee tu hatua sita.

"Ni hatua sita," akasema. "Hutapungukiwa na kitu."

"Hatua hizo nimezitembea miaka kumi na moja, nikikwepa macho ya watu," akasema Ludmila. "Nimechoka kutembea."

Akavua viatu, akavisukuma nyuma ya pazia, akaviacha huko badala yake. Kisha akaenda katikati ya jukwaa, kwenye maikrofoni yake. Tumbo lilikuwa limekua. Halikumruhusu tena kusimama karibu, ikabidi asimame ubavu, na kwa ubavu lilionekana zaidi. Minong'ono ikapita safu hadi safu. Mwanamke mmoja wa mbele alimziba macho binti yake, kisha akaonekana kufikiri, akaondoa mkono.

Ludmila hakulifunika kwa karatasi. Aliwaacha watazame. Tumbo lile lilikuwa limetazamwa miaka mingi na watu waliokuwa wakitafuta kitu na kukikosa, na sasa kitu kilikuwapo, basi watazame washibe. Aliwatazama na yeye, mmoja mmoja, mpaka minong'ono ikaisha yenyewe. Taa nyekundu ikawaka, na mvulana wa miaka kumi akapaza sauti kutoka mlangoni kumwuliza mama yake chakula kimeiva au bado.